Jinsi Saintpaulia Ilivyomezwa na Streptocarpus

Ua dogo la zambarau linalouzwa vyunguni kote Ulaya na Marekani asili yake ni Usambara. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni huko Tanga, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa Hannover akaliundia jenasi ya peke yake, Saintpaulia. Jenasi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 120. Mwaka 2015 wataalamu waliivunja, spishi zake zote zikahamia Streptocarpus.

Wendland alikuwa na sababu nzuri. Streptocarpus, iliyoelezwa na John Lindley mwaka 1828, ilijulikana kwa tunda lake lililosokotwa, na maua ya spishi zake nyingi yana mrija mrefu. Tunda la Saintpaulia halina msokoto. Ua lake ni bapa, mrija wake ni mfupi sana, na vifuko vya chavua vya manjano vimejitokeza nje. Kwa macho matupu, nani angeviweka vitu hivi pamoja?

Mwaka 1997 Michael Möller na Quentin Cronk, wakiwa Edinburgh, walisoma kipande cha DNA ya kiini cha seli kiitwacho ITS. Kipande hiki kiko kati ya jeni zinazounda ribosomu. Seli hukinakili, kisha hukikata na kukitupa, hivyo makosa ya kunakili hayaidhuru sana mimea na hujilimbikiza upesi. Ndiyo maana kinafaa kupima undugu wa spishi zilizo karibu. Matokeo yalionyesha kwamba Saintpaulia imechipuka ndani kabisa ya Streptocarpus, katika nusujenasi ya Streptocarpella. Na kanuni ya uainishaji wa leo haina huruma: jenasi iwe na babu mmoja na wazao wake wote. Kuiacha Saintpaulia nje ni kama kuandika orodha ya ukoo ukamruka mjukuu kwa kuwa sura yake haifanani na ya nduguze.

Kwa nini basi jina halikubadilishwa papo hapo? Kipande kimoja cha DNA husimulia historia yake chenyewe tu, na mimea huweza kuchanganya damu. Ilibidi spishi nyingi zaidi za Afrika na Madagaska zipimwe, na DNA ya kloroplasti, ambayo kwa kawaida hurithiwa upande wa mama, ilinganishwe na ile ya kiini. Kazi hiyo ndiyo iliyochapishwa mwaka 2015 na Kanae Nishii, Möller na wenzao.

Kwangu mimi, ushahidi mzito zaidi haukutoka kwenye DNA peke yake. Mti uliochorwa kwa DNA ulikubaliana na hesabu ya kromosomu: kundi la Streptocarpella, pamoja na Saintpaulia, lina msingi wa 15, na kundi jingine kubwa lina 16. Hesabu hizo zilikuwa zinajulikana. Kilichokosekana ni kigezo cha kuamua kipi kiaminiwe, kromosomu au umbo la ua. Umbo la ua hufuata mchavushaji; ua bapa lisilo na nekta, lenye chavua ya kutikiswa na nyuki, linaweza kuzuka upya bila kuhusiana na undugu.

Njia nyingine ya kutimiza kanuni ile ya babu mmoja ilikuwa kuipasua Streptocarpus katika jenasi nyingi ndogo. Nishii na wenzake waliikataa, na walifanya vyema, kwani jenasi hizo zisingetambulika porini bila maabara. Badala yake waliingiza pia jenasi nyingine ndogo, ikiwemo Linnaeopsis ya milima ya Tanzania. Jina lililobaki ni la 1828 kwa sababu ndilo kongwe.

Saintpaulia sasa ni jina la seksheni tu ndani ya Streptocarpus. Anayetafuta habari za mimea hii, iwe ya Amani huko Usambara au ya milima ya Taita nchini Kenya, atafute kwa majina yote mawili: maandishi mengi ya kabla ya 2015 yako chini ya jina la zamani.