Kelele za Kuyafukuza Mauti

Mtazame mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, miguuni kabla hujavitazama vidole vyake. Ameketi kwenye kigoda kifupi. Mguuni amefunga gara, njuga za chuma, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa oduong'o, pete nzito anayoigonga kwenye ala yenyewe. Nyuzi nane tu, mtu mmoja, lakini uwanja mzima unatikisika. Niliyemwona matangani huko Ndhiwa alikuwa na sauti ya kukwaruza, akiishusha mpaka ikawa mngurumo, watoto wakajibanza nyuma ya mama zao. Mara mtu akapaza sauti na kutoa noti, muziki ukakatika: pakruok. Mtu akajisifu, akausifu ukoo wake na hata mashemeji, watu wakacheka. Alipomaliza tu, nyuzi zikadaka pale pale zilipoachia. Ufundi uko hapo, kukatizwa mara kumi na mdundo usipotee.

Kelele nyingine zilitoka mjini: mwaka 2020 vijana wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu wa bendi ya Duma, walitoa albamu yao yenye jina hilohilo kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni mayowe, magitaa makali na ngoma za mashine zinazokwenda kama zimepandwa na mashetani. Ughaibuni walisifiwa, nyumbani si haba waliouita muziki wa kuzimu. Ajabu, maana sisi Waluo ni wajukuu wa tero buru! Mzee akifa, wanaume walitoka na ng'ombe, mikuki, ngao na pembe, nyuso zimepakwa udongo, wakaenda kupigana na mauti yenyewe, wakirudi katika wingu la vumbi. Giza na maigizo hatukuvipokea kwa meli.

Siwalaumu waliobadilisha nyuzi za mishipa ya ng'ombe wakatia nailoni ya wavuvi. Nyatiti inalia vizuri tu. Kinachoniuma ni spika za kukodi matangani. Kuanzia Rongo hadi Mbita, didjei anabonyeza wimbo uleule aliopiga harusini Jumamosi iliyopita, kisha anakwenda kula. Marehemu anazikwa kwa muziki usiomjua hata jina. Vijana wa Duma angalau hutoka jasho.

Eriko Mukoyama alitoka Japani akaja Alego kujifunza nyatiti kwa mzee Okumu K'Orengo. Wewe wa Awendo au Kendu Bay, nauli yako hadi kwa mpiga nyatiti wa jirani si kitu mbele ya yake.