Printa moja, kompyuta za kila namna

Ofisi ya shule ilikuwa na printa moja ya leza, ya wino mweusi, iliyochomekwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya mapokezi. Printa yenyewe haina Wi-Fi wala tundu la waya wa mtandao. Kompyuta ya mapokezi inatumia Ubuntu, mhasibu na karani wana Windows, mwalimu mkuu ana MacBook yake. Kila mwenye cha kuchapa alikuja na flashi mkononi, na flashi za ofisini tunazijua: virusi huwa vingi kuliko nyaraka.

Fundi akipewa kazi kama hii mara nyingi hukimbilia Samba, na hana makosa. Tangu Andrew Tridgell alipoianza huko Canberra mwaka 1992, Samba ndiyo imekuwa ikiziwezesha Unix na Linux kuelewana na Windows. Ila Samba huifanya Linux ijifanye Windows, na uchapaji wa namna ya Windows uliwekewa masharti mapya mwaka 2021, Microsoft ilipokuwa ikiziba udhaifu uliopewa jina PrintNightmare. Udhaifu huo ulimruhusu mtu kupenyeza programu yake kwa kisingizio cha draiva ya printa. Tangu Agosti mwaka huo mtumiaji wa kawaida hawezi kuvuta draiva kutoka kwenye seva bila idhini ya msimamizi. Mwezi uliofuata mafundi wengi wakaanza kukutana na hitilafu namba 0x0000011b. Sikuona sababu ya kuingia humo kwa ajili ya printa moja.

Nilitumia IPP, itifaki ya kuchapa kwa njia ya intaneti, ambayo ndiyo lugha ya asili ya CUPS, mfumo wa uchapaji wa Ubuntu. Michael Sweet alianza kuiandika CUPS mwaka 1997, Apple ikaiingiza kwenye Mac OS X mwaka 2002, kisha ikanunua msimbo wake mwaka 2007. Kwa hiyo MacBook ya mwalimu mkuu na Ubuntu ya mapokezi ni ndugu kwa upande wa uchapaji. Windows nayo inaielewa IPP.

Upande wa mapokezi kazi ilikuwa fupi. Amri ya cupsctl --share-printers inaifungulia CUPS mtandao, na lpadmin -p mapokezi -o printer-is-shared=true inaitangaza foleni ya printa yenyewe. Mlango namba 631 ukafunguliwa kwa kompyuta za ndani tu, na ruta ikaambiwa iipe mapokezi anwani ileile siku zote. Mac ikaiona printa bila kuulizwa. Kwenye Windows anwani huandikwa kwa mkono: http://192.168.1.20:631/printers/mapokezi.

Hapo Windows huuliza: draiva ya printa gani? Mkono wa kila mtu huenda kwenye jina la kampuni na modeli iliyo mezani, na ndipo mambo huharibika. Draiva ya modeli hiyo huipika hati mpaka ikawa tayari kuingia kwenye printa. Ikifika mapokezi, CUPS nayo ina draiva yake na inataka kupika, lakini kilicholetwa haikitambui, kwa hiyo inakikataa. Fundi akikasirika akaifanya foleni iwe ya kupitisha tu bila kugusa, Windows itachapa, lakini siku mtu akituma PostScript, lugha ya kueleza kurasa, kwa printa isiyoijua, itatoka karatasi baada ya karatasi ya maandishi yanayoanza na %!PS-Adobe-3.0. Rimu inaisha hivihivi.

Nikachagua Microsoft PS Class Driver kwenye kompyuta zote mbili za Windows. Hiyo hutuma PostScript ya kawaida bila kujali printa ni ya nani, na CUPS huigeuza iwe lugha ya printa yenyewe. Draiva halisi ikabaki mahali pamoja tu. Ndiyo maana pia foleni haikupewa jina la modeli: printa ikifa na kununuliwa ya kampuni nyingine, inabadilishwa draiva ya mapokezi tu, na mhasibu hata hajui.

Kilichosumbua zaidi ya nilivyotarajia ni karatasi. Windows ya karani iliwekwa kwa mipangilio ya Marekani, hivyo hati zake zilikwenda kwa kipimo cha Letter, milimita 216 kwa 279, wakati trei ina A4, 210 kwa 297. Printa inawasha taa na kusubiri karatasi ambayo dukani huku huipati, na kazi za wengine wote zimekwama nyuma yake. Watu wakalaumu mtandao. Dawa ilikuwa kubadilisha kipimo kwenye mipangilio ya printa katika Windows ya karani, basi.

Udhaifu wa mpangilio huu uko wazi: mapokezi ikizimwa, hakuna anayechapa. Umeme ukikatika, CUPS huwa imeshazihifadhi kazi kwenye /var/spool/cups, na ukirudi inaendelea kuzitoa yenyewe, awepo mtu au asiwepo. Kwa risiti si neno. Kwa shule yenye mitihani ni hatari. Nikatengeneza foleni ya pili kwa printa ileile, jina lake mitihani, yenye job-hold-until-default=indefinite. Kinachotumwa humo hakitoki mpaka mwalimu wa taaluma afike mapokezi akiachilie mwenyewe.