Mkono wa Mnakili: Picha za Kondoa na Mambo ya Kila Siku

Kitabu cha Mary Leakey, Africa's Vanishing Art, kilichotoka mwaka 1983, husomwa zaidi na wachunguzi wa mambo ya kale kuliko wachoraji. Hasara ni ya wachoraji. Mtu atafutaye mahali pa kujifunza jinsi mambo ya kila siku yageukavyo picha hana haja ya kuvuka bahari: chini ya majabali ya Kolo, katika wilaya ya Kondoa, somo hilo limekaa kwa rangi nyekundu tangu zama za kale sana.

Bibi Leakey alikuwa binti wa mchoraji. Baba yake, Erskine Nicol, alichora mandhari kwa rangi za maji, na alipokwenda Ufaransa alimchukua bintiye, aliyeyaona mapango yenye picha za kale angali mtoto. Baadaye alichora zana za mawe kwa ajili ya vitabu vya wengine. Basi alipofika Kondoa mwaka 1951 pamoja na mumewe, Louis, mkono wake ulikuwa umekwisha kufunzwa. Alifuatisha mistari ya picha juu ya karatasi angavu, kisha akazichora upya kwa kipimo kidogo na kuzitia rangi. Sanamu alizonakili hivyo zapata 1,600.

Uzuri wa nakala hizo umo katika ustahimilivu wake kwa mambo madogo. Tembo na twiga wapo, na mtalii huwatafuta hao kwanza, kama atafutavyo twiga katika vibanda vya picha mjini. Lakini kurasa zinazomzuia msomaji ni za watu: namna zao za kusuka nywele, mapambo ya mwilini, upinde, ala ya muziki, mwili uliopinda katika ngoma. Mengi ya hayo hayaachi mabaki ardhini. Yamebaki katika mstari mwembamba tu. Mchoraji wa Kolo hakuwa na njia ya kufuta. Bega likishavutwa limevutwa, na hiyo ndiyo adabu ya rangi za maji pia. Hata wekundu wenyewe ni wa jamaa moja, kwani ngeu ya mwambani na rangi nyekundu za udongo zilizomo katika kisanduku cha mchoraji hutokana na kutu ya chuma.

Walakini nakala zina upungufu. Mwambani picha hupandana, na nyeupe za baadaye hulala juu ya nyekundu. Katika kurasa kadhaa sanamu husimama peke yake, safi, bila jiwe wala jirani. Na sanamu iliyotengwa hivyo ni rahisi kupewa maana isiyo yake. Ipo picha moja mashuhuri ya Kolo: mwanamke yuko katikati, na watu wa pande mbili wamemshika mikono. Bibi Leakey aliona humo mwanamke anayetekwa. Wataalamu wa baadaye, David Lewis-Williams miongoni mwao, wameona watu wanaomtegemeza mwenzao aliyepandwa katika ngoma ya uganga. Na Eric Ten Raa alikwisha kuandika mwaka 1971 kuwa picha za nchi hiyo zafaa kusomwa pamoja na mila za Wasandawe walio hai. Mstari ni ule ule, mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni kujua watu wale walikuwa wakifanya nini.

Hapo ndipo kijana wa Dodoma atokaye na daftari lake kwenda soko la Majengo, au kwenye mizabibu ya Hombolo, anapoguswa na shauri hili. Akiwakuta wanawake wa Kigogo wamebana ngoma za muheme mapajani, atadhani ameona burudani ya sikukuu, naye ataichora kwa wepesi na furaha. Lakini muheme asili yake ni jando na unyago, na namna ngoma ibanwavyo si pozi la kumpendeza mtazamaji. Asiyejua atapata mikono mizuri na kuikosa picha. Husemwa kwamba mchoraji yampasa kutazama tu. Kolo yakanusha, maana Bibi Leakey alitazama kuliko wengi.

Jambo moja la kila siku halikunakiliwa. Katika Mungumi wa Kolo wenyeji wameendelea kufanya matambiko, wakiomba mvua na uponyaji chini ya picha zile zile. Nakala ilimchukua mtu mwekundu wa mwambani. Aliyesimama mbele yake na sadaka yake mkononi hamo.