Vitako vya Fedha

Mgunga ni mti mbishi. Huota penye mawe na mchanga, hujipinda upendavyo, na miiba yake haimkaribishi mtu. Ule wenye kichwa kilichotandazwa kama mwavuli unaota nyika za Dodoma na Turkana, na unaota pia Sinai. Jamii hiyo ndiyo Biblia ya Kiswahili inayoiita mshita, na ndiyo iliyotoa mbao za Hema la Kukutania, mahali pa ibada pa Waisraeli walipokuwa jangwani: mbao 48, kila moja dhiraa 10 kwenda juu na dhiraa moja na nusu kwa upana. Dhiraa ni mkono toka kiwiko hadi ncha ya kidole, kwa hiyo ubao ulikaribia mita nne na nusu.

Anayeujua mgunga husita hapo. Mti huu hautoi ubao mnyoofu kwa kubembelezwa. Lakini moyo wake ni mgumu na mzito, na wafasiri wa kale wa Kigiriki waliuita mti usiooza. Bezaleli wa kabila la Yuda, aliyekabidhiwa kazi pamoja na Oholiabu wa Dani, alipewa ukaidi huo aunyooshe.

Tazama chini ya ubao. Kila mmoja ulichongwa ndimi mbili, na kila ulimi ulizama ndani ya kitako chake cha fedha. Hema hili lilikuwa la safari: linasimamishwa, linafunguliwa, linapakiwa. Wana wa Merari, ukoo wa Walawi waliobeba mbao na vitako, walipewa magari manne na ng'ombe wanane. Kiungo cha namna hiyo kinamtaka fundi mwenye jicho. Ulimi ukilegea, ukuta unayumba. Ukibana mno, siku ya kuhama utavunjika. Unatakiwa uingie kwa kutii na utoke bila ugomvi, kambi baada ya kambi.

Sasa fedha yenyewe. Haikutoka kwa tajiri mmoja mkarimu. Kila mwanamume aliyehesabiwa, wa miaka 20 na zaidi, alitoa nusu shekeli. Tajiri alikatazwa kuzidisha, maskini alikatazwa kupunguza. Walikuwa 603,550. Piga hesabu: ni shekeli 301,775, yaani talanta 100 na shekeli 1,775 juu yake. Talanta 100 zikasubiwa vitako 100, 96 vya mbao na vinne vya nguzo za pazia. Zilizobaki zikawa kulabu na mapambo ya nguzo za ua. Kila kitako kilikuwa talanta moja, takribani kilo 34.

Maana yake kila kitako kilibeba nusu shekeli za watu 6,000, na kila ubao ulisimama juu ya watu 12,000. Haba na haba hujaza kibaba. Hapa ilijaza vitako mia. Na fedha ikishayeyuka, nani ataonyesha kipande cha mwenye mifugo na cha yule aliyekopa?

Wasomi wa kale walipenda kusoma maana katika rangi za mapazia ya hema. Josephus na Philo wa Aleksandria waliona humo vitu vinne vya asili: kitani ni ardhi, zambarau ni bahari, samawi ni hewa, nyekundu ni moto. Ni usomaji mzuri, ila unaanzia kwa mtazamaji. Maana ya vitako inaanzia kwenye mizani, kabla mtu hajafasiri lolote. Ndivyo ilivyo hata kwa birika la kunawia makuhani: shaba yake ilikuwa vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni. Kilichomwonyesha mtu uso wake kikawa chombo cha kumtakasa mwingine.

Kazi ilipokwisha, dhahabu iliufunika mgunga, na nje yakatandazwa mapazia ya singa za mbuzi, yaliyosokotwa na wanawake, kisha ngozi. Mpita njia aliona hema la wafugaji, kubwa kidogo. Ndani, taa iliangaza kuta za dhahabu. Chini ya dhahabu mti wa miiba, chini ya mti fedha ya wote, chini ya fedha jangwa. Kitabu cha Kutoka, kinachotaja hata vitanzi vya pazia, hakitaji sakafu. Kuhani aliyeingia na uvumba alikanyaga mchanga uleule waliokanyaga waliotoa nusu shekeli.