Usihesabu Punje za Biriani

Novemba 23, 2022, kwenye Kombe la Dunia kule Qatar, Hispania iliifunga Costa Rica 7-0 kwa pasi zaidi ya 1,000. Siku 13 baadaye timu ileile ya kocha Luis Enrique ilipiga tena pasi zaidi ya 1,000, safari hii mbele ya Morocco na kwa dakika 120. Mabao? Sifuri. Zikaja penalti: ya kwanza ikagonga nguzo, mbili akazidaka kipa wa Morocco, Yassine Bounou, safari ya nyumbani ikaanza.

Mjuzi wa pira biriani, lile soka la pasi nyingi, hahesabu punje za wali. Anafukua sufuria aone nyama iko wapi.

Kwa hiyo kwanza uliza pasi zilipigwa wapi. Kwenye jedwali, pasi ya beki kwa beki mwenzake na pasi ya kumpenyezea mshambuliaji zote huandikwa moja. Siku ile ya Morocco, Rodri, kiungo aliyekuwa akichezeshwa beki wa kati, na wenzake waliupeleka mpira kulia, wakaurudisha kushoto, mbele ya ukuta ambao haukutikisika. Chukua pasi za timu zote mbili karibu na lango la mwenzake, yaani theluthi ya mwisho ya uwanja, uone kila mmoja ana mgao gani. Hapo utajua nani kambana nani. Kisha chambua tena: ngapi ziliingia ndani ya boksi? Mwenye pasi tele nje ya boksi na chache ndani anabisha hodi tu, mlango haufunguliwi.

Ulinzi ndio unaowachanganya wengi, kwa sababu ulinzi wa timu husomwa kwenye pasi za mpinzani wake. Wachambuzi wana kipimo wanachokiita PPDA. Hesabu pasi ambazo mpinzani amepiga kwenye asilimia 60 ya uwanja kuanzia langoni kwake, gawanya kwa mara ulizomwingilia humo: kumpokonya, kunasa pasi, hata kumchezea faulo. Tuseme amepiga pasi 240 nawe umemwingilia mara 30. Jibu ni 8, na hiyo ni timu inayokaba juu, haimpi mtu nafasi ya kuvuta pumzi. Ukimwingilia mara 12 tu, jibu ni 20: umerudi nyuma, unamsubiri.

Namba kubwa si aibu. Morocco walijua kusubiri, wakafika nusu fainali wakiwa wameruhusu bao moja katika mechi tano, nalo ni la beki wao Nayef Aguerd kujifunga dhidi ya Canada. PPDA inakuonyesha mtindo. Ubora wake utauona kwa kuhesabu pasi zilizopenya hadi kwenye boksi lako.

Angalia pia ubao wa matokeo. Aliyetangulia kufunga mara nyingi humwachia mwenzake mpira, na takwimu za mechi moja kama hiyo zitakudanganya kwamba aliyefungwa ndiye aliyetawala.

Wapo waliohesabu kwa bidii wakapotoka. Charles Reep, ofisa wa uhasibu katika Jeshi la Anga la Uingereza, alianza kuandika kila shambulizi kwenye daftari mjini Swindon, Machi 1950. Mwaka 1968, pamoja na Bernard Benjamin, akachapisha hesabu zake: takriban asilimia 80 ya mabao yalitokana na mashambulizi ya pasi tatu au pungufu. Waingereza wengi wakaelewa kwamba dawa ni kubutua mbele. Lakini katika hesabu hizohizo, zaidi ya asilimia 90 ya mashambulizi yote yalikuwa na pasi tatu au pungufu. Maana yake yale machache marefu, yasiyofika hata moja ya kumi, ndiyo yaliyoleta bao moja katika kila matano. Daftari lilikuwa sahihi, msomaji wake ndiye aliyekosea kugawanya.

Mimi kwenye kibanda umiza huenda na kalamu na karatasi. Kila pasi ya timu yangu ikiingia boksi napiga mstari kushoto, ya mpinzani ikiingia letu napiga kulia. Jaribu Jumamosi hii, kisha wakati wa mapumziko mwulize jirani yako anayesifu umiliki wa mpira: mistari yenu ya kushoto mingapi?