Msitu "Ulioharibika": Uhakiki wa Hoja katika Mjadala wa Mabira

Mabira ni msitu wa hifadhi wenye eneo la takribani kilomita za mraba 300, kando ya barabara kuu itokayo Kampala kwenda Jinja. Ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Mwaka 2007 serikali ya Uganda ilipendekeza kumega hekta 7,100, karibu robo ya msitu wote, ili kampuni ya sukari ya SCOUL ya Lugazi ipande miwa. Wanasheria na wanaikolojia wameandika mengi kuhusu mjadala uliofuata. Sisi wanafunzi wa lugha tumewaachia wao, ilhali sehemu kubwa ya ugomvi ule ilihusu maneno. Makala haya yanahakiki hoja za pande mbili, yakianza na neno lililobeba mzigo kuliko yote: "ulioharibika".

Upande wa serikali, Rais Yoweri Museveni alisisitiza viwanda, ajira na sukari ya kutosha. Hoja hiyo haifai kudharauliwa, kwani kijana asiye na kazi hawezi kulishwa kivuli cha miti. Lakini iliambatana na dai jingine, kwamba sehemu iliyokusudiwa ilikuwa imekwisha kuharibika, hivyo hasara ni ndogo. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1970 na 1980 watu walivamia Mabira, wakafyeka na kulima. Ni kweli pia kwamba walipoondolewa, mwishoni mwa miaka ya 1980, miti ilianza kurudi. Dai la serikali lilitaja nusu ya kwanza ya historia hiyo na kuinyamazia ya pili.

Mjadala uliendeshwa zaidi kwa Kiingereza na Kiganda. Hata hivyo, tukiuleta katika Kiswahili, sarufi yetu inatufumbua macho. "Kuharibika" ni kauli ya kutendeka, nayo haimtaji mtenda. Tukisema "msitu umeharibika", ni kana kwamba umeoza wenyewe kama embe. Tukisema "msitu umeharibiwa", msikilizaji atauliza mara moja: na nani? Na aliyepewa kuulinda alikuwa wapi? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema kwamba ukiona ufa, uza nyumba. Kama uharibifu ni sababu ya kugawa msitu, basi kila mlinzi mzembe anajitengenezea sababu ya kugawa zaidi.

Hoja ya maendeleo nayo ilipata mtihani wake. Kabaka wa Buganda na Kanisa la Uganda walijitolea kutoa ardhi nyingine ili msitu usiguswe. Kama shida ilikuwa ardhi ya miwa, tamko hilo lilitosha kuumaliza ubishi, au angalau kuugeuza uwe mazungumzo. Mtu anaweza kujibu kwamba muwa ukishakatwa hupoteza sukari haraka, kwa hiyo shamba sharti liwe karibu na kiwanda. Jibu hilo lina uzito, lakini linabadilisha swali. Kinachopimwa hapo ni msitu wa taifa dhidi ya gharama za usafirishaji za kampuni moja, na hivyo ndivyo wananchi walivyostahili kuelezwa.

Wapinzani wa mpango hawakosi dosari. Tarehe 12 Aprili 2007 maandamano ya Kampala yaligeuka kuwa vurugu na watu wakapoteza maisha, akiwamo mwanamume mwenye asili ya Kihindi aliyeshambuliwa na umati. Hoja ya "msitu ni wa umma" iligeuzwa na baadhi yao kuwa "Wahindi wanatunyang'anya". Uamuzi uliotoka serikalini ulitwishwa mpita njia. Dosari ya pili ni ya kimya kimya: wengi walikubali kupimana na serikali kwa mizani ya fedha tu, wakahesabu watalii na ndege zaidi ya aina 300. Anayekubali mizani hiyo atashindwa siku bei ya sukari itakapopanda. Na ndivyo ilivyojaribiwa: mpango uliwekwa kando mwaka 2007, ukafufuliwa mwaka 2011 sukari ilipoadimika.

Hoja yenye nguvu zaidi ilikuwamo katika Katiba ya mwaka 1995. Ibara ya 237 inasema serikali inashikilia misitu ya hifadhi kwa niaba ya wananchi. Kiswahili kina neno lililo tayari kwa jambo hilo: amana. Mwenye kuwekewa amana hawezi kuigawa kwa kudai kwamba imechakaa mikononi mwake. Mahakama Kuu ilitumia msingi huo katika kesi ya msitu wa Butamira, iliyofunguliwa mwaka 2004 baada ya kampuni nyingine ya sukari kupewa msitu huo, na ikaamua kwamba serikali ilikiuka dhamana yake.

Ubishi huu haujaisha. Mwaka 2016 Ufalme wa Bunyoro-Kitara uliikodishia Hoima Sugar ardhi ya Bugoma, na mzozo ukawa kama ardhi ile ni sehemu ya msitu wa hifadhi au la. Mabira ufalme ulijitolea kuuokoa msitu. Bugoma ufalme ndio uliokodisha. Hata Beatrice Anywar, mbunge wa upinzani aliyepewa jina la Mama Mabira mwaka 2007, baadaye alikuwa waziri wa nchi wa mazingira katika serikali ile ile. Kwa hiyo haitoshi kuuliza nani anasema. Tuulize anasema nini, na kila tunaposikia kitenzi kisicho na mtenda, tumdai mtenda ajitokeze. Kazi hiyo haihitaji shahada ya misitu. Inahitaji sarufi tunayoisoma kila siku.