Sita kwa Sita: Jinsi Petr Čech Alivyosoma Matuta ya Bayern

Usiku wa Mei 19, 2012, kwenye uwanja wa Allianz Arena mjini Munich, Petr Čech alipigiwa penalti sita. Moja ilikuja katika muda wa nyongeza, tano zikaja wakati wa kupigiana matuta. Mara zote sita aliruka upande uliokwenda mpira. Tatu zilimpita, tatu akazizuia, na Chelsea ikabeba Kombe la Klabu Bingwa Ulaya kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Ukiwauliza mashabiki wa Chelsea wa Dar es Salaam au Mombasa kuhusu usiku ule, watakutajia Didier Drogba. Wana haki yao. Alisawazisha kwa kichwa dakika ya 88 kutokana na kona pekee waliyopata Chelsea, wakati Bayern walipiga kona 20, kisha akafunga tuta la mwisho. Lakini mimi nashikilia kwamba kombe lile lilipatikana golini, na kwamba kazi iliyolileta ilianza siku nyingi kabla ya filimbi ya kwanza.

Tuanze na hesabu. Kipa anayebahatisha tu, kushoto au kulia, ana nafasi moja kati ya 64 ya kupatia mara sita mfululizo. Bahati ya namna hiyo inawezekana, ila ni finyu mno kuwa maelezo pekee. Kuna jambo jingine lilifanyika.

Mpira wa penalti huwekwa mita 11 kutoka golini. Ukipigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, unafika kwenye mstari kwa takriban sekunde 0.4. Goli lina upana wa mita 7.32. Hata mtu mwenye kimo cha Čech, mita 1.96, hawezi kungoja auone mpira unakwenda wapi, aamue, ajirushe na kuufikia ukiwa karibu na nguzo. Lazima mwili uanze safari mguu wa mpigaji unapokaribia kuugusa mpira. Kwa hiyo kipa anahitaji habari mapema, na habari hizo zina vyanzo viwili: alichokisoma kabla ya mechi, na kile ambacho mwili wa mpigaji unamwambia katika hatua mbili za mwisho.

Chanzo cha kwanza kilikuwa mikononi mwa Christophe Lollichon, kocha wa makipa wa Chelsea, Mfaransa aliyefahamiana na Čech tangu siku za Rennes. Lollichon alimwandalia mkanda wa video wa karibu saa mbili wenye penalti zote za Bayern tangu mwaka 2007, na Čech mwenyewe alilieleza hilo baada ya fainali. Saa mbili za penalti! Asiye kipa angechoka dakika ya kumi. Kipa anayeijua kazi yake anatafuta mambo machache tu: huyu anakimbia kutokea pembe gani, anapunguza mwendo wapi, akibanwa na presha anakimbilia upande gani. Mpigaji anaweza kuwa na pande mbili anapokuwa ametulia. Mambo yakiwa mazito, wengi hurudi kwenye upande wanaouamini.

Sasa mtazame Arjen Robben. Ilikuwa mwanzoni mwa muda wa nyongeza, Drogba amemwangusha Franck Ribéry ndani ya eneo la hatari, matokeo ni 1-1, na Robben anauweka mpira chini mbele ya kipa aliyecheza naye Chelsea kuanzia 2004 hadi 2007. Mwezi mmoja nyuma, Aprili, Robben alikuwa amekosa penalti dhidi ya Borussia Dortmund, na baadaye mwezi huohuo akafunga nyingine dhidi ya Real Madrid. Alikuwa na mengi kichwani. Miguuni alikuwa na zaidi ya dakika 90 za mbio. Kwa anayetumia mguu wa kushoto, njia nyepesi ya kupiga kwa nguvu ni kuuvuta mpira upande wa kushoto wa kipa, kwa sababu nyonga inazunguka kuelekea huko. Aliyechoka hutafuta nguvu kuliko ufundi. Čech alikwenda chini kushoto, mpira ukaja pale pale, akauzuia kisha akaulalia.

Penalti hiyo ndiyo naihesabu kuwa muhimu kuliko zote sita. Zilipofika tano za mwisho Robben hakupiga tena. Ribéry naye alikuwa ameshatolewa baada ya rafu ile, na nafasi yake akaingia Ivica Olić. Rafu moja na penalti moja iliyookolewa ziliipangua orodha ya wapigaji wa Bayern kabla hata halijaitishwa zoezi la matuta.

Kwenye matuta Bayern walianza, mbele ya mashabiki wao wenyewe. Philipp Lahm akafunga. Manuel Neuer akaokoa la Juan Mata, Chelsea wakawa nyuma. Mario Gómez akafunga, kisha Neuer mwenyewe akaja kupiga na kufunga. Katika yote matatu Čech aliruka upande sahihi, lakini mpira ukaingia. Mtazamaji wa kawaida anaona kipa aliyefungwa mara tatu. Mpigaji anayesubiri zamu yake katikati ya uwanja anaona jambo tofauti: huyu bwana hadanganyiki. Akishaliona hilo, anaanza kutafuta kona ya mbali zaidi, karibu zaidi na nguzo, na kadiri anavyosogea kwenye nguzo ndivyo nafasi ya kukosea inavyokua. Ndiyo maana nasema kuruka upande sahihi kuna thamani hata mpira ukiingia.

Neuer anastahili neno la peke yake. Kipa haingii mara nyingi kwenye orodha ya wapigaji, hivyo mkanda wa video hausaidii sana. Hapo ndipo chanzo cha pili kinapofanya kazi: mguu wa kusimamia unaelekea wapi, bega limefunguka au limefungwa. Jens Lehmann, kipa wa Ujerumani, alikutana na jambo kama hilo Berlin kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2006, Ujerumani ilipopigiana matuta na Argentina. Alikuwa na karatasi ndani ya soksi yenye majina ya wapigaji na tabia zao, lakini Esteban Cambiasso, aliyepiga la mwisho, hakuwemo. Aliisoma karatasi hata hivyo, akasimama kama mtu aliyepata jibu, akaokoa.

Olić alipiga la nne, Čech akalipangua. Ashley Cole akasawazisha hesabu. Akaja Bastian Schweinsteiger, aliyekuwa amefunga tuta la ushindi kule Madrid kwenye nusu fainali. Alisita katika hatua za mwisho, akimngoja kipa ajitoe. Čech hakujitoa mapema. Aligusa mpira kwa ncha za vidole, ukagonga nguzo na kurudi uwanjani. Dakika moja baadaye Drogba alimaliza.

Kungoja huko hakukuzaliwa Munich. Miaka minne kabla, Mei 21, 2008 jijini Moscow, Chelsea waliingia kwenye fainali dhidi ya Manchester United wakiwa na ripoti ya mchumi Ignacio Palacios-Huerta kuhusu tabia za wapigaji. Cristiano Ronaldo alijulikana kwa kusimama katikati ya mbio zake. Čech alibaki wima mpaka Ronaldo alipolazimika kuamua, akaruka kulia, akaokoa. Chelsea walipoteza usiku ule kwa matuta 6-5, kwa sababu kipa anaokoa lakini hawapigii wenzake. Nyuma zaidi, mwaka 2002, alikuwa shujaa wa matuta Jamhuri ya Czech ilipoishinda Ufaransa kwenye fainali ya Ulaya ya vijana chini ya miaka 21.

Maisha yake yote yanaonyesha mtu wa kujifunza upya. Alizaliwa Plzeň Mei 20, 1982, maana yake fainali ya Munich ilichezwa mkesha wa siku aliyotimiza miaka 30. Alianza soka akiwa mshambuliaji, akavunjika mguu akiwa na umri wa miaka 10, ndipo akahamia golini. Msimu wake wa kwanza Chelsea, 2004/05, timu iliruhusu mabao 15 tu katika ligi nzima, na yeye akakaa dakika 1,025 bila kufungwa. Oktoba 14, 2006, katika sekunde za mwanzo za mechi dhidi ya Reading, goti la Stephen Hunt lilimvunja fuvu. Alifanyiwa upasuaji, na Januari 20, 2007 alirudi golini akiwa na kofia ya kinga ya wachezaji wa raga, ambayo hakuivua tena hadi alipostaafu mwaka 2019. Kurudi kutumbukiza kichwa kwenye msitu wa miguu miezi mitatu baada ya kuvunjika fuvu, hilo kwangu linazidi kombe lolote. Alikosea pia, tena vibaya: kwenye Euro 2008 aliuangusha mpira wa krosi, Uturuki wakasawazisha na kuitoa nchi yake. Alistaafu akiwa na mechi 202 za Ligi Kuu ya Uingereza bila kufungwa, kisha akajiunga na klabu ya magongo ya barafuni ya Guildford Phoenix. Mechi ya kwanza tu, akaokoa penalti.

Kwetu, kipa akiokoa tuta mara nyingi husemwa kuwa kabahatisha, au kwamba golini kulikuwa na kitu. Maneno hayo yanawanyima makipa wetu heshima ya kazi yao, na yanawapa makocha kisingizio cha kutofanya maandalizi. Mechi za Ligi Kuu ya Tanzania Bara zinaonyeshwa na Azam TV, na penalti zake zinarekodiwa. Hakuna klabu inayohitaji fedha za Chelsea kukata vipande vya wapigaji wa timu pinzani, kuviweka kwenye simu na kukaa na kipa jioni mbili kabla ya mechi ya mtoano. Makocha wa makipa, anzeni na wapigaji watano wa mpinzani wenu ajaye.